Herufi Tatu

Ofisi ya kamusi ilimpa Bi Enid Sugden neno moja tu:
esi, ii, tii.
Akacheka. "Nilidhani watanipa kazi."

Ilikuwa Februari, mjini Keighley,
theluji imegeuka tope mbele ya duka la mikate,
nami nimepanga chumba chake cha juu,
dirisha linatazama bomba la moshi
la kiwanda kisichofuma tena.

Kufikia Pasaka maboksi ya viatu yalikuwa tisa.
Kila karatasi na sentensi yake,
imenakiliwa gazetini, kwenye kitabu cha mapishi,
kwenye hukumu ya mwizi wa kondoo,
na neno lile lile limepigiwa mstari kwa wino mwekundu.

Jioni alinisomea, miguu ndani ya beseni la maji moto.
Nikajaribu kumfuata kwa lugha yangu,
nikaishiwa pumzi:
jua linatua, jeli inaganda, saruji inashika,
mfupa wa nyonga unaungwa,
mtego unategwa, mtihani unatungwa,
saa inatiwa majira,
kuku anaatamishwa mayai ya bata,
nywele za shangazi zinaviringwa kwa ajili ya harusi,
na meno ya bandia, seti nzima,
yanacheka peke yake ndani ya glasi.

Kwake ni mlango mmoja, wote wanapita.
Kwangu kila mgeni anadai mlango wake,
na mimi bawabu, funguo zinanidondoka.

"Maskini," akasema, "kubeba maneno yote hayo!
Hamna hata moja la kutumwa huku na huku?"

Nikafikiri. Basi la saa mbili likapita, tupu.
"Lipo," nikasema. "Kupanga.
Nimepanga chumba kwako. Wewe unapanga vikombe.
Watu wanapanga foleni ya mikate,
wezi wanapanga njama,
wachumba wanapanga siku, wakishaoana wanapanga uzazi.
Ukilinoa, linafyeka majani.
Ukilitundika darini, linakupepea."

"Na Wilf?
Wilf alifanya nini, kwa lugha yenu?"

Wilf, mumewe, miaka thelathini na minane
akiokota herufi za risasi moja moja
katika gazeti la mji.

"Alipanga," nikasema.

Hakujibu. Maji ya beseni yalikuwa yamepoa.

Mwezi wa Mei ofisi ikarudisha karatasi moja,
ambayo hakuwahi kunisomea.
*Haina chanzo. Tunapokea yaliyochapishwa tu.*
Sentensi yenyewe:
*Bado naandaa meza ya watu wawili.*
Na kuandaa, kwao, ni herufi zile zile tatu.

Alikwenda bandani. Akatoa baiskeli, makopo ya rangi,
kiti kisicho na mguu, akafunua turubai.
Mashine ya chapa ya mkono.
Wilf aliinunua gazeti lilipofungwa,
kwa bei ya chuma chakavu, wakanuniana wiki nzima.

Siku tatu nilisikia risasi ikigonga risasi.
Herufi zinakaa kichwa chini, kama za kwenye kioo;
lazima uamini kwamba karatasi itazielewa.
Ile ya katikati ilikuwa imelika ukingo.
Zilikuwepo nzima kopo zima.
Alichagua iliyolika.

Akachapa nakala ishirini.
Moja aliisukuma chini ya mlango wangu, wino haujakauka.
Moja aliituma ofisini, na nyuma yake:
*Chanzo: Sugden, bandani, ukurasa wa kwanza na wa mwisho.*

Kama waliipokea, sijui. Hakuuliza, nami sikuuliza.

Jumapili nilishuka kulipa kodi.
Viazi vilikuwa vimeungua kidogo.
Mezani sahani mbili, kama siku zote,
na mimi nimesimama na noti zangu mkononi.
Akanitazama kwa muda,
akafungua kabati,
akapanga ya tatu.